Nilimshonea Suruali Mwimbaji Wangu

Jumapili, alasiri. Nyahanga, Kahama.

Vumbi tangu asubuhi. Joto ni lile la kabla ya mvua, unavua ushungi, unaukung'uta, unauvaa tena na hupati nafuu yoyote. Jumapili huwa sifungui duka, lakini leo nimekuja na nimejifungia ndani.

Nimetoka kubandua jojo chini ya meza ya cherehani. Aliibandika yeye jana, akiwa amekaa kwenye kiti changu, akaikandamiza kwa kidole gumba huku anaongea na simu. Nimetumia kisu, nikatumia mafuta ya taa, mwisho nikatumia kucha. Alama bado ipo. Kiti nimekisugua kwa sabuni ya unga mara mbili na bado kinanuka manukato yake.

Acha niandike yote leo, kabla sijaanza kujionea huruma.

Wanaosoma hapa siku zote wananijua. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa muuza vitambaa aliyekuja huku kutoka Ujiji akazeekea hapa hapa. Nina binti mmoja, Nasra, na nimeachika miaka saba. Na mnajua pia nilivyokuwa nikimwandika yule mwimbaji kwenye ukurasa huu. Jina lake leo silitaji. Nimelitaja vya kutosha, tena kwa mapenzi.

Wiki niliyorudi kwa baba na begi moja na mtoto mgongoni, nyimbo zake ndizo zilizonisimamisha. Nilikuwa nashona nazisikiliza, nalia, nashona. Nilimwona kama mtu aliyewahi kuumizwa na akajua namna ya kusema. Ndiyo maana nilimwamini. Mtu anayejua kusema maumivu yako, unadhani anayajua.

Ule wimbo mkubwa kuliko zote, ule wa mke wa mchimbaji anayekaa mdomoni mwa shimo la duara akisubiri mumewe apande juu na mume hapandi, huo haukuwa wangu. Huo ulikuwa wa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ndiye mwenzangu hapa dukani. Miaka minne sasa. Mimi nakata na kushona, yeye anatia vifungo, anapinda, anapiga pasi. Ni mkubwa kwangu, asubuhi namwamkia shikamoo. Kwao ni vijijini huko, lakini ndoa yake aliishi Mwakitolyo, kwenye machimbo. Mumewe alikuwa anashuka duarani, hayo mashimo wanayochimba kwa nyundo na kamba, na siku moja ya masika ukuta ukaporomoka yeye akiwa chini. Walimtoa siku ya tatu. Mama Kulwa alikaa pale mdomoni siku zote tatu, hakula, hakutaka kuondolewa.

Miaka miwili baadaye ukatoka ule wimbo redioni.

Aliwahi kuniambia: "Mama Nasra, huyu mtu nilimwona wapi? Alikuwa amekaa upande gani siku ile, mbona sikumwona?" Aliamini kabisa kwamba mwimbaji alikuwepo. Nilijaribu kumweleza kuwa watu wa muziki wanatunga tu. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyeelewa.

Jana ilikuwa siku ya tamasha. Uwanja wa mpira ulikuwa umeshafungwa maturubai tangu Alhamisi, na gari la matangazo lilikuwa linapita kila baada ya muda likipiga ule wimbo. Mama Kulwa alikuwa amekuja na gauni lake la kijani kwenye mfuko, analipiga pasi katikati ya kazi za watu. Nilimwachia. Tulikuwa tumepanga twende wote, tukae mbele tuone.

Saa nne asubuhi gari jeupe lenye vioo vyeusi likasimama mlangoni.

Akashuka kijana mwembamba mwenye simu mbili, nikajua baadaye ni meneja wake. Akauliza kama naweza kushona suruali sasa hivi, imechanika msambani walipokuwa wanafanya mazoezi, na loji waliyofikia haina fundi. Loji yenyewe ni hii iliyo jirani, ukuta kwa ukuta na sisi. Nikasema lete. Nilikuwa natia uzi sindanoni, sikuinua hata uso.

Ndipo akaingia mwenyewe.

Sitadanganya. Uzi ulinitoka sindanoni. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilisema "karibu" kama mara nne. Ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye video. Alikuwa amevaa kaptula na miwani, na akaja moja kwa moja kukaa kwenye kiti changu, kile cha cherehani, kwa hiyo mimi mwenye duka nikabaki nimesimama. Miguu akaipandisha juu ya kitambaa cheupe cha bibi harusi wa wiki ijayo. Na viatu.

Niliona. Nikasema moyoni, amechoka, ametoka safari ndefu.

Mama Kulwa aliweka pasi chini. Akaja mpaka mbele yake, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye vipande vya vitambaa, kama wanawake wa kwao wanavyomsalimia mgeni wa heshima. Akanyoosha mikono miwili.

"Mwangaluka, baba."

Mwimbaji akamgeukia meneja. "Kasemaje huyu?"

"Anakusalimia," nikasema mimi haraka haraka, huku natabasamu. "Ni Kisukuma, ndiyo salamu ya asubuhi."

Alimpa vidole vitatu. Mwanamke mwenye umri wa mama yake amepiga magoti, na yeye shikamoo haikumtoka. Akatoa mfukoni kichupa cha kutakasa mikono, akajimiminia, akajipangusa mbele yake. Hilo nalo niliona. Nikajiambia, hawa watu wanashikwa mikono na watu wengi, lazima wajilinde.

Mnaona nilivyokuwa nafanya kazi. Kila alichofanya, nilikuwa na maelezo yake tayari.

Mama Kulwa hakuinuka. Alimwambia, polepole, kama mtu aliyejifunza maneno yake kwa muda mrefu: "Baba, wewe ndiye uliyemwimba mume wangu. Wabeja sana, asante. Mungu akuweke."

"Mume wako? Mimi namjua mumeo?" Akacheka kidogo. Halafu akavua miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza. Nikaona wazo linamjia. "Wimbo upi, mama? Hebu uimbe nikusikie. Uimbe wote."

Meneja alishainua simu. Hakuambiwa na mtu.

Na Mama Kulwa akaimba. Alifumba macho. Ana sauti nzito, inatoka kifuani, na alikuwa haimbi kwa ajili yetu. Naandika hili kwa sababu jana wakati ule sikulisikia, nimelisikia leo nikikumbuka. Pale jana nilichosikia ni matamshi yake. Kwao r na l ni kitu kimoja. Duara likawa duala. Nirudishie likawa niludishie. Nimekaa na matamshi hayo miaka minne na hayajawahi kunisumbua.

Mwimbaji akaanza kumwigiza. "Niludishie! Niludishie bwana wangu, ee duala!" Akabana pua, akatikisa mabega, akainua mikono juu kama mtu wa msibani. Mama Kulwa bado macho amefumba. Alidhani anaimbiwa pamoja. Akatabasamu, akaongeza sauti.

Halafu mwimbaji akaniangalia mimi, akanikonyeza.

Nikacheka.

Nimekaa na neno hilo hapa nusu saa, nikitafuta namna ya kulifanya dogo. Halina udogo. Sikutabasamu kwa adabu. Nilicheka kwa sauti, nikaegemea rafu ya vitambaa. Nilicheka kwa sababu mtu niliyempenda miaka saba alinitazama mimi, na katika chumba kile kulikuwa na upande wake na upande wa Mama Kulwa, na nilitaka aone niko upande gani. Nilitaka ajue mimi ni mtu wa mjini, r yangu ni r.

Alipomaliza, mwimbaji alimpigia makofi. Mama Kulwa alifuta machozi kwa kanga, akainuka, akasema hawezi kumwacha mgeni akauke koo, akatoka kwenda kumtafutia soda ya baridi.

Alipotoka tu, nikamuuliza mwimbaji. Nilitaka kusikia, maana nimejiuliza miaka yote. Nikasema, ule wimbo uliutungaje?

"Ule? Niliandikiwa," akasema, bila kuinua macho kwenye simu. "Mi shimo lenyewe hata kulichungulia sijawahi. Juzi kule Geita wakanipeleka machimboni nipige picha, nikawaambia mimi sishuki garini. Jamaa wananuka, dada. Matope, jasho, sijui nini. Nikapungia dirishani."

Ndipo alipotoa jojo mdomoni akaibandika chini ya meza yangu.

Nilimshonea suruali yake. Nilipiga mishono miwili na kuizungushia uzi wa ziada, kazi safi kabisa, nisiyompa hata bibi harusi. Tulipopiga picha ya pamoja mkono wake ulishuka kiunoni ukapita kiuno, na mimi nikakaza tabasamu nikasubiri picha iishe. Akatuachia kadi mbili za VIP. Mama Kulwa alirudi na soda yake ikiwa inatoka jasho, gari likiwa limeshaingia loji. Alisimama mlangoni nayo mkononi.

"Ameondoka bila kunywa?"

"Alikuwa na haraka," nikasema.

Mchana wote alikuwa mwenye furaha. Nashindwa kuelezea. Alitia vifungo sare kumi na moja bila kuinuka. Alimpigia simu dada yake kijijini akamwambia kwa Kisukuma, nikasikia neno wabeja na jina la marehemu. Saa nane akaomba aende nyumbani akajiandae.

Nikamruhusu. Nikabaki peke yangu na yale manukato.

Video ilinifikia kama saa tisa na nusu. Ilitumwa kwenye kundi la wazazi wa shule ya Nasra, na chini yake watu walishajaza vicheko. Ilikuwa imetoka kwenye ukurasa wa mwimbaji mwenyewe. Juu wameandika: Mke wa Duala. Wamemweka Mama Kulwa amepiga magoti, macho amefumba, na pembeni yake yule anatikisa mabega. Pale anaposema niludishie wameirudia mara tatu, wameichanganya na mdundo.

Niliangalia mara ya kwanza, nikamwangalia Mama Kulwa tu.

Mara ya pili nikasikia kuna mwanamke anacheka. Haonekani, anasikika tu, juu ya wimbo, kicheko kirefu chenye kuvuta pumzi mwishoni. Nikasema kwa sauti, hapa hapa dukani, "Ni nani huyu mwanamke mwenye kicheko kibaya hivi?"

Mungu ni shahidi, nilisema hivyo.

Mara ya tatu nikajitambua.

Nikajifunga kanga vizuri nikaenda loji. Getini hawakunisumbua, wananijua, mimi ndiye niliyewashonea mapazia. Nilimkuta barazani anakula kuku kwa mikono miwili, mafuta yamemfika viwikoni, meneja yuko pembeni. Suruali niliyoishona ilikuwa imetundikwa kwenye kiti.

Nikasema nimekuja kuomba ile video ifutwe.

"Ipi? Ya yule mama?" Akacheka na mdomo umejaa. "Dada, usikuze mambo. Mwenyewe si kafurahi? Mbona na wewe ulicheka?"

Nikajikaza nikasema kingine. "Mume wake alifia shimoni. Alikaa mdomoni siku tatu akisubiri atolewe. Ule wimbo kwake ni msiba."

Akaacha kutafuna. Kwa dakika ile moja nilidhani nimempata. Nilidhani ndani yake atatoka yule mtu wa kwenye nyimbo.

"Kumbe," akasema. Akamgeukia meneja. "Umesikia? Hiyo ni kali zaidi. Mpandisheni jukwaani leo, wimbo wa mwisho. Aseme kidogo kuhusu mzee wake, alie, halafu mimi namkumbatia. Mtu wa kamera awe karibu."

Meneja akaandika kwenye simu.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimmwagia mchuzi wa kuku wake. Nimeuota mchuzi huo tangu jana. Sikummwagia. Nilitoa zile kadi za VIP kwenye sidiria, nikaziweka mezani kando ya mifupa, nikasema hatutakuja, asante.

Nilisema asante.

Kwa Mama Kulwa nilifika jua likiwa bado lipo. Anaishi vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya mashine ya kukoboa. Mlango alinifungulia Kulwa, binti yake mkubwa. Akanipa shikamoo akiwa anatazama ukuta. Nikajua wameshaiona.

Mama Kulwa alikuwa amekaa kitandani na gauni la kijani, amelivaa, ameshajiandaa kila kitu. Viatu tu ndivyo hakuvaa. Simu ya Kulwa ilikuwa juu ya godoro, imegeuzwa chini.

Nilianza kueleza. Nilieleza kuhusu loji, kuhusu jukwaa, nikasema asikubali kabisa akifuatwa, nikasema yule ni mtu mchafu, hana utu, ni takataka. Nilimtukana yule mwimbaji mpaka nikaishiwa pumzi. Akaniacha nimalize.

"Mama Nasra," akasema. "Yeye simjui. Nilikuwa nadhani namjua, simjui. Mgeni akinicheka, ataondoka kesho. Wewe nakujua. Kile kicheko nakijua, nimekaa nacho miaka minne. Nilipokisikia nikamwambia Kulwa, huyo ni Mama Nasra."

Akalinyoosha gauni magotini, akaendelea.

"Tena pale nilipokuwa naimba nilikusikia. Nikadhani umefurahi kwa ajili yangu."

Nikamwambia nisamehe. Nililia. Nilitaka aniambie basi, yameisha, maana watu huwa wanasema hivyo mtu akilia. Hakusema. Alinipa kitambaa nijifute. Gari la matangazo likapita barabarani na ule wimbo, na tukausikiliza wote watatu mpaka ukaishia mbali, kwa sababu hakuna wa kwenda kuuzima.

"Huo ulikuwa wangu," akasema Mama Kulwa. "Sikujali kaandika nani. Nikiwa nao, nilikuwa nakaa na baba Kulwa pale mdomoni, sikai peke yangu. Sasa nikianza tu, nakusikia wewe."

Nikainuka kuondoka. Mlangoni nikauliza kama kesho atakwenda misa. Ni mwanakwaya, Jumapili hakosi. Akasema atakwenda, watu wamtazame waishe hamu. Nikasema nitamsindikiza.

"Hulazimiki."

"Najua."

Tamasha lilikuwepo. Kelele zake zilifika mpaka kwangu, na sikutoka kwenda dirishani.

Leo asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla ya saa moja. Alitoka na sare ya kwaya, akaniona, akaanza kutembea. Nikamfuata. Mimi na baibui langu, yeye na kitabu chake cha nyimbo, hatua mbili kati yetu.

Kwenye kijiwe cha bodaboda walikuwepo kama sita. Tulipokaribia, mmoja akaanza kwa sauti nyembamba: "Niludishie, ee duala!" Wenzake wakapasuka vicheko. Mama Kulwa aliendelea kutembea, shingo imekakamaa. Mimi nikasimama.

Siku zote mimi si mtu wa kupayuka barabarani.

"Mmeiona ile video?" nikawauliza.

"Tumeiona, dada, tumeiona sana!"

"Mmesikia mwanamke anayecheka mle? Ni mimi. Huyu mama mnayemwimba, mume wake alifukiwa duarani. Alikuwa anamwimba mumewe na mimi ndiye niliyecheka. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi, nimesimama hapa."

Wengi waliacha kucheka. Mtu mzima mmoja kati yao alivua kofia akamwita, "Mama, pole." Yule aliyeanzisha bado alikuwa anacheka, ila alikuwa anachekea pembeni, ameinamia taa ya pikipiki yake. Mama Kulwa hakugeuka. Sijui kama alisikia nilichosema. Alikuwa ameshafika mbali, ikabidi nikimbie.

Kanisani sikuingia. Nilisimama nje, upande wa dirisha lililo wazi, kwenye jua. Baadhi ya watu walinitazama kwa mshangao, Mwislamu amesimama pale na vumbi lote lile, lakini hakuna aliyenifukuza. Mzee mmoja akanisogezea kiti. Sikukikalia.

Kutoka dirishani nilikuwa naiona kwaya yote. Mama Kulwa yuko mstari wa pili, wa tatu kutoka mwisho. Mwalimu wa kwaya akainua mikono, wakaanza. Niliitafuta ile sauti nzito ya kifuani. Sikuisikia. Nikadhani nimesimama vibaya, nikasogea karibu zaidi na dirisha, nikamwangalia yeye tu.

Kitabu alikuwa amekishika wazi. Midomo alikuwa ameifunga.

Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Alikuwa anageuza kurasa na wenzake, anakaa nao, anasimama nao. Hakuimba hata neno moja mpaka misa ikaisha.

Nilizoea kufikiri kuwa kinyaa ni kitu unachokisikia kwa mtu mwingine. Unamwona, unasogea pembeni, unatema mate, kinapita. Kwa hiki cha leo hakuna pa kusogea. Nilichokiona pale dirishani nimekifanya mimi, na yule mwenye manukato alisaidia tu.

Alitoka akanikuta pale pale.

"Umesimama juani muda wote huu?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu jana. Sikuona msamaha pale, na sitaujazia. Akasema, "Basi twende, utaugua." Tukarudi njia ile ile. Safari hii tulitembea sambamba. Penye njia panda ya kwenda kwake akasema kesho anaweza kuja kazini, anaweza asije, tusiulizane. Nikasema sawa. Akaenda.

Kwa hiyo nimekuja kubandua jojo.

Asubuhi nitafungua saa mbili. Sijui kama nitakaa peke yangu. Najiuliza kitu kingine zaidi ya hicho: nikikaa tena chumba kimoja na mtu mkubwa ninayetaka anione, nitasimama upande gani? Nilikuwa na hakika ya jibu mpaka jana saa nne asubuhi. Leo sina.

Ile video bado inazunguka. Jina la Mama Kulwa wamelipata, na duka letu wamelijua. Sauti ya yule mwanamke anayecheka hakuna aliyeiulizia, kwa sababu anayecheka huwa haulizwi.

Ni mimi, Zaituni, fundi wa Nyahanga. Kama uliisambaza ile, sambaza na hii.